Jibu: Asidi, besi na bafa zina kazi gani kwa daktari wa mifugo?

Mdogo wangu, umeuliza somo la asidi, besi na bafa linamsaidia nini mtu anayetaka kutibu ng'ombe. Linamsaidia sana.

Chukua ng'ombe wa maziwa kule Mbarara, amekata kamba usiku, akaingia stoo na kula unga wa mahindi mpaka akashiba. Bakteria wa rumeni, yaani chumba kikubwa cha kwanza cha tumbo la ng'ombe, wanaugeuza ule wanga kuwa asidi ya laktiki kwa kasi. pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, kwa kawaida humo huwa kati ya 6 na 7, lakini sasa inaweza kushuka chini ya 5. Usiidharau namba hiyo: kushuka kutoka 6 hadi 5 ni ioni za hidrojeni kuongezeka mara 10. Asubuhi unamkuta hacheui, anaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu, macho yamezama, kwa kuwa maji ya mwili yamevutwa kuingia rumeni.

Bafa yake, yaani kitu kinachozuia pH isibadilike sana, ni mate. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku, yana baikaboneti na fosfati, ila hutoka kwa wingi akicheua majani, si akila unga. Kwa hiyo anza kusoma mlinganyo wa baikaboneti na asidi ya kaboniki. Huo huo utakutana nao tena kwenye damu.