Kwa uliyepangiwa kazi ya pwani: pima bahari, pima na ardhi

Siku ya kwanza kijijini watakupeleka kwenye mnazi. Kila kijiji cha pwani kinacholiwa na maji kina mnazi wake: umelala mchangani, mizizi imeoshwa hadi imekuwa myeupe, kilele kinaelekea baharini. Mwenyeji wako atanyoosha kidole mbele zaidi, palipo na ngalawa mbili zimetia nanga, akuambie: "Pale ndipo ilipokuwa nyumba ya babu." Moyo utakuuma, na uache uume. Ila usifungue daftari ukaandika "kupanda kwa usawa wa bahari" kabla hujapima kitu. Nimefanya upimaji kati ya Tanga na Rufiji kwa miaka mingi, na nimeona ripoti nyingi zikianza na sentensi hiyo, kisha ukuta ukajengwa mahali ambapo haukuwa dawa.

Bahari inapanda, hilo halina ubishi tena. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na mwendo unazidi kuwa wa kasi: kati ya 2006 na 2018 ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Barafu ya nchi kavu inayeyuka, na maji ya bahari yenyewe yakipata joto hutanuka. Sasa piga hesabu ukiwa umesimama hapo hapo kwenye mnazi. Kwa kasi hiyo miaka 10 haifikishi sentimita 4. Iko kanuni ya zamani, inayofaa fukwe za mchanga mtupu tu, isiyofaa penye mwamba, kwamba sentimita 1 ya kupanda hula nusu mita hadi mita 1 ya ufukwe. Basi bahari peke yake ingekula mita 2 hadi 4. Mwenyeji wako anakuonyesha mita 40 zilizoliwa katika miaka hiyo hiyo 10. Hizo nyingine zimechukuliwa na nani? Swali hilo ndilo kazi uliyoajiriwa.

Mara nyingi jibu ni mchanga. Ufukwe si kitu kilichokaa tu. Ni kama mfuko wa matumizi, kinachoingia na kinachotoka. Mto unaleta, mawimbi yanachukua na kupeleka mbele. Kule Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, watu walichota mchanga wa kujengea katika mito midogo kama Tegeta na Mbezi kwa miaka, na ufukwe uliokuwa ukilishwa na mito hiyo ukabaki na njaa. Mto Pangani una bwawa la Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, na bwawa lolote hushika mchanga na tope pamoja na maji. Rufiji nako bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sisemi vingine. Nasema ukipangiwa delta ya Rufiji leo, vipimo vyako vya miaka hii ya mwanzo ni dhahabu, kwa sababu ndivyo watakaokuja watakavyolinganishia. Tope la delta hujishindilia lenyewe kwa uzito wake, likititia kidogo kidogo kila mwaka, na zamani mafuriko ya mto yalileta tope jipya kufidia. Tope likipungua, ardhi inashuka na hakuna wa kuijazia. Mkoko utaiona hasara hiyo kabla ya mtu.

Nenda pia ukaone Fungu la Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walipanda pale kutaga kwa wingi. Siku hizi ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Wazee wa Pangani watakuambia miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika. Mayai ya kasa wanaojaribu bado kutaga pale huhamishiwa Ushongo, bara, la sivyo maji yangeyafunika. Nimesimama juu ya fungu lile saa 4 asubuhi, na mchana tukiwa njiani kurudi nikageuka nikaona maji matupu. Tangu siku ile sijaweza kulichukua neno "kisiwa" kwa wepesi.

Sasa ardhi yenyewe. Vijana wengi wanaotoka chuoni huiona kama meza isiyotikisika, bahari ndiyo inayopanda na kushuka. Someni habari za Jakarta, kule Indonesia. Kaskazini ya mji ule kuna sehemu zilizodidimia karibu mita 4 tangu miaka ya 1970, kwa sababu watu na viwanda walifyonza maji ya chini ya ardhi, na udongo uliokuwa umejaa maji ukajikunja. Huko Muara Baru uko msikiti ulioachwa nje ya ukuta wa bahari, maji yametuama ndani yake. Anayeutazama husema bahari imeufuata. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya safari imefanywa na msikiti, ukishuka kuifuata bahari. Mashariki ya Tokyo iko mitaa iliyoshuka zaidi ya mita 4 pia, lakini serikali yao ilibana uchotaji wa maji ya chini, na kufikia miaka ya 1970 kushuka kule kukatulia sana. Huwezi kuamuru bahari isimame. Pampu unaweza kuizima, na ndiyo maana kujua kipi ni kipi si elimu ya kujipamba.

Kwetu mwamba wa matumbawe ni mgumu na haujikunji kirahisi kama tope la Jakarta, kwa hiyo usikimbilie kudai kila mji unatitia. Angalia penye udongo laini, delta, kingo za mito, na ardhi iliyojazwa kifusi. Lakini pampu ina madhara mengine hata penye mwamba. Maji matamu chini ya kisiwa au ufukwe hukaa juu ya maji chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kadirio la kawaida, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 chini yake. Ukishusha ile mita 1 kwa pampu, chumvi inaweza kupanda mita 40 kukufuata. Baada ya ukame wa 1997 visima virefu vilichimbwa kwa wingi Dar es Salaam, na baadhi ya vilivyo karibu na bahari vikaanza kutoa maji ya chumvi. Kwa hiyo utakapokaribishwa chai kijijini, inywe taratibu. Kuna nyumba nilikaribishwa chai ya tangawizi, bibi akaongeza sukari mara mbili huku ananitazama usoni, na chumvi ikabaki pale pale ulimini. Hakusema kitu. Niliuliza kisima kiko wapi, tukaenda, na kumbe hatua 60 kutoka kwake palikuwa na pampu mpya ya umeme iliyofungwa mwaka uliotangulia. Ripoti niliyokuwa nimeanza kuiandika kichwani ilikuwa inailaumu bahari.

Nije kwenye kosa langu kubwa, nalieleza ili wewe usilirudie. Mwaka wangu wa pili kazini nilichukua jedwali la kupwa na kujaa, likasema bamvua ya wiki ile, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, itafika mita 4.1. Nikachukua ramani, ikasema shule ya kijiji iko mita 3.5. Nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikatangaza kwamba maji yatazidi sakafu ya shule kwa nusu mita na zaidi. Mzee mmoja mvuvi akainuka: "Mwanangu, mwezi uliopita maji yalijaa hivyo hivyo, na watoto walikuwa darasani." Nikamjibu kwa kiburi cha mwenye karatasi. Jioni ile familia mbili zikaanza kung'oa mabati. Nilikuwa nimelinganisha vitu viwili visivyolinganika: jedwali la maji huanzia kuhesabu karibu na maji yanapopwa kabisa, ramani huanzia usawa wa wastani wa bahari, na kwetu tofauti ya viwili hivyo ni karibu mita 2. Mita 4.1 za jedwali ni kama 2.1 tu za ramani. Nilirudi asubuhi nikaomba radhi mbele ya watu wale wale, na nikasaidia kupigilia mabati. Kila namba ya urefu utakayoiandika, andika pembeni imehesabiwa kutoka wapi. Isiyo na asili yake usiitumie, hata kama imetoka kwa mkubwa wako.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na ni la hatari zaidi kwa sababu linatuliza. Ramani za mwinuko za setilaiti na vyombo vya anga, pamoja na ile inayotumika sana iliyopimwa kwa rada Februari 2000, mara nyingi huhesabu vilele vya minazi na mapaa ya nyumba kama ardhi. Kijiji chenye minazi mingi kitaonekana kiko juu kwa mita kadhaa kuliko kilivyo. Chukua leveli na stafu, yaani darubini ya kupimia usawa na fimbo yake yenye vipimo, tembea kwa miguu kutoka benchi maki, ile alama ya kudumu ambayo urefu wake unajulikana, hadi kisimani, hadi msikitini, hadi makaburini. Na benchi maki moja haitoshi. Tumia 3, zilizo mbali mbali, moja ikiwezekana juu ya mwamba, kwa maana benchi maki nayo inaweza kushuka. Vivyo hivyo kipimo cha maji kilichofungwa gatini: gati likititia kwa sentimita 5, karatasi itasema bahari imepanda sentimita 5.

Uwe mvumilivu na miaka. Kipimo cha Unguja, kilichoanza katikati ya miaka ya 1980, kwa karibu miaka 20 ya mwanzo kilionyesha bahari ikishuka, wakati wastani wa bahari duniani ulikuwa unapanda. Si kwamba kilikosea. Pepo za Bahari ya Hindi husukuma maji huku na kule kwa miaka mingi mfululizo, na mvuto wa mwezi nao una mzunguko wake wa miaka 18.6 unaozidisha na kupunguza bamvua. Anayekuletea miaka 5 ya vipimo na mstari uliopigwa kwa rula, mshukuru kwa vipimo, mstari mwachie. Ufukwe nao huchukuliwa na kusi na kurudishwa na kaskazi, au kinyume chake kutegemea umeelekea wapi. Picha ya Julai usiilinganishe na ya Januari.

Watakuuliza, "Tuhame?" Usijibu siku hiyo, na usiondoke bila kusema lini utajibu. Ukuta una mahali pake, kama barabara ya mjini au hospitali isiyohamishika, lakini ukuta hurudisha nguvu ya wimbi, wimbi hilo likachimba mchanga wa mguuni pake na kwenye ncha zake. Kabla ya kuupendekeza nenda kwa jirani wa ncha ile, ukae naye, umweleze kinachomjia. Kupanda mikoko kunapendeza kwenye picha, lakini penye mawimbi ya wazi na mchanga mtupu miche huondoka na maji ya mwezi wa kwanza. Na wakiamua kuhama, waulize kuhusu makaburi kabla ya kuuliza kuhusu viwanja. Nimeona mipango mizuri ikikwama miezi kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ukimaliza, acha alama ya zege mahali ambapo watu hupita, yenye tarehe na urefu wake, na umfundishe kijana mmoja wa pale kuisoma. Bamvua kubwa huja karibu na Machi na Septemba, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na kwetu maji yake hujaa kama saa 10 au 11 jioni. Mpigie simu siku moja kabla. Umwambie afike saa 9, na asiondoke mpaka aone maji yameanza kurudi.