Fidla mbili, Sa moja

Wapigaji fidla waliofunzwa kwa noti za Kizungu wanaponiuliza namna ya kushirikiana na mpigaji wa muziki wa Karnatiki, ule wa India ya kusini, swali lao la kwanza huwa: tuchanganye nini? Ushauri wangu ni wasichanganye chochote mpaka wakubaliane nani mwenyeji. Kipande kikiwa cha raga, yaani mfumo wa Kihindi wa sauti zenye sheria zake za kupanda na kushuka, sheria za raga ndizo zinazotawala na wewe ni mgeni. Kikiwa cha Bach, mtunzi wa Kizungu, mgeni ni mwenzako. Vile vipande vya "katikati" vinavyotungwa siku ya kwanza mkiwa bado hamjuani huishia kuwa muziki wa mapokezi ya hotelini.

Yehudi Menuhin, mpigaji fidla wa noti za Kizungu, pamoja na ukubwa wake wote, alipopiga na Ravi Shankar, bingwa wa sitari wa India, miaka ya 1960 aliandikiwa kwa noti sehemu kubwa ya alichopiga. Sioni aibu yoyote hapo.

Na kwa kweli fidla yenyewe ilifika kule India kama mgeni. Baluswami Dikshitar, aliyezaliwa mwaka 1786, alijifunza fidla ya Kizungu kule Madras, ndiyo Chennai ya leo, akaitia katika muziki wa kwao. Chombo kilibaki kilekile. Waliobadilisha walibadilisha mkao na mtio wa nyuzi. Mpigaji hukaa chini, miguu kaikunja, kichwa cha fidla kimetua kwenye kifundo cha mguu wa kulia na upande wa pili umeegemea kifuani karibu na bega la kushoto. Fidla imetulia tuli, kwa hiyo mkono wa kushoto haubebi kitu. Unapanda na kushuka kwenye uzi mmoja, kazi kubwa ikifanywa na vidole viwili, na wengi hupaka mafuta ya nazi kidogo ili viteleze. Kaa hivyo siku chache nyumbani hata kama jukwaani utasimama. Miguu itakufa ganzi, lakini utaelewa kwa nini mteremko wako wa kusimama unasikika kama umekatwakatwa.

Nyuzi msizigombanie. Wao huzitia Sa (noti ya msingi, kama Do), Pa (kama So), Sa, Pa, na Sa hupandishwa au kushushwa kumfuata mwimbaji. Mkiwa fidla mbili peke yenu, iwekeni Sa kwenye D. Hapo wewe una nyuzi mbili wazi, D na A, zinazoafiki tambura, ala inayovumisha Sa na Pa mfululizo, bila kugusa ufunguo hata mmoja. Ukitaka kuonja mtio wao kamili, tumia fidla ya pili, na legeza uzi mmoja mmoja ili farasi, kile kijiti kinachobeba nyuzi, asianguke.

Kazi ngumu zaidi ni gamaka, yaani namna ya kuyumbisha na kutelezesha noti. Usidhani ni ule mtetemo wa kidole uliofundishwa. Chukua Ga, noti ya tatu, ya raga Todi: haikai mahali pamoja, inayumba kati ya Ri, ya pili, na Ma, ya nne, na kuyumba kwenyewe ndiko noti. Ukiipiga kavu, mwenzako atakwambia hiyo siyo Todi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuimba. Mwenzako aimbe swara, yaani noti hizo za Sa, Ri, Ga, uimbe nyuma yake mpaka akubali, ndipo ushike uta. Sisi tuliolelewa na taarabu tuna nafuu kidogo, maana sikio limeshazoea sauti zinazokaa kati ya noti mbili, ila maqam, mfumo wa sauti wa Kiarabu, si raga, usijidanganye.

Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja (chord), ndizo zinazoharibu haraka. Raga ya Mohanam ina sauti tano tu: Do, Re, Mi, So, La. Mtu wa noti mkono unamwasha, anaweka chini yake kodi ya So, na ndani ya kodi hiyo mna Ti, ambayo raga haina. Raga imekufa hapohapo. Shikilia Sa na Pa, au piga mstari wa polepole wenye sauti za raga ileile.

Tala, mzunguko wa mapigo, jifunze kwa mkono. Tala ya Adi ni mapigo 8: kofi, vidole vitatu, kisha kofi na kugeuza kiganja, halafu kofi na kugeuza kiganja tena. Mshikie mwenzako tala anapopiga mbele yako, ukipotea, utajua.

Yeye naye umdai haki yako. Kwenye Bach afuate uta ulioandikwa, juu na chini, na asiongeze mapambo kwa sababu tu mstari umemkalia vizuri.

Jambo la mwisho wengi huliona la kijinga mpaka rekodi itoke. Utunzi wa Tyagaraja, mtunzi mkubwa wa Karnatiki, ni wa Tyagaraja, lakini alapana, yaani utangulizi wa raga usio na mapigo, aliyoibuni mwenzako juu ya mstari uliouandika wewe ni ya nani? Andikeni majina ya watunzi, na mgao wa pesa, kabla ya kuingia studio. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha.