Mshtarii yangu mbona imepauka?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mjomba amerudi na darubini ndogo, tukaisimika ufukweni hapa Bagamoyo. Sayari ya Mshtarii (Jupita) tuliiona, na vinyota vinne ubavuni mwake. Lakini pichani ina rangi ya chungwa, buluu, na lile doa jekundu. Yetu imepauka kama chapati mbichi. Tumeuziwa darubini mbovu, au picha ndizo za uongo?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Darubini yenu nzima. Ungeniona mimi usiku wa kwanza, uani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nikiitukana yangu! Nilikuwa nachungulia juu ya mabati ya majirani yaliyoshinda juani. Joto linapanda, hewa inatetemeka, na sayari inacheza kama sarafu chini ya maji. Nilipoihamishia ufukweni Raskazone, upepo umetulia, ikajitokeza mistari miwili ya kahawia. Anzeni na hiyo. (Vinyota vyenu ni miezi yake, Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliiona mwaka 1610.)

Picha si za uongo, zimekolezwa tu. Chombo cha anga cha Juno, kilichofika huko Julai 2016, kimetuma picha ghafi, na watu wa kawaida majumbani mwao huzikoleza rangi ili mikunjo ya mawingu ionekane. Ukichungulia kwa darubini, bila kukoleza, Mshtarii ni maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Weupe ni barafu ya amonia, amonia ileile inayokuchoma pua ukiingia zizi la mbuzi. Penye kahawia, wingu hilo la juu limepungua, unaona tabaka la chini yake. Wekundu wa doa wataalamu wanaubishania hadi leo.

Doa lenyewe ni dhoruba, pana kuliko Dunia: kama kilomita 16,000. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikaribia 40,000, kwa hiyo waliotutangulia walikuwa na kazi rahisi. Linadumu kwa kuwa halina nchi kavu ya kulikwamisha. Unakumbuka Kimbunga Hidaya, Mei 2024? Kilipofika Mafia na pwani yetu kililegea. Kule chini ya mawingu hakuna pwani, gesi tu.

Tena angalieni saa. Mshtarii hujizungusha kwa saa 10 kasoro, huenda doa lilikuwa upande wa pili. Mkilikosa saa mbili usiku, rudini saa sita.

Na chukua penseli, uchore unachokiona. Mchoro wangu wa kwanza ninao bado. Mke wangu aliuliza kwa nini nimechora yai.