Besi Yako na Besi ya Bendi: Ushauri kwa Anayeanza Kupiga Gitaa la Besi Tanga

Kijana anayetaka kupiga besi hapa Tanga kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue besi ya kampuni gani. Swali hilo lina mahali pake, lakini linatanguliwa na jingine, nalo ni kwamba chombo atakachokuwa akipiga kitakuwa mali ya nani. Kwa miaka mingi vyombo vya bendi nchini vimekuwa mali ya mwenye bendi na si ya wapigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi na JKT nao walikuwa na bendi zao. Na vikundi vingi vya mitaani husimama kwa vyombo vya klabu au vya tajiri mmoja. Mpigaji anayeondoka kwenye mpango wa namna hiyo huondoka na vidole vyake tu, na akikaa miezi miwili bila kazi hana hata cha kufanyia mazoezi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uwe na besi yako, moja, hata kama ni ya kawaida, na uijue vizuri kabla hujaanza kutamani ya pili.

Kabla ya kuichagua, fikiria kazi zitakazokujia. Tanga si mji wa muziki wa aina moja. Kwenye dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kwenye taarabu Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, waliliingiza gitaa la umeme pamoja na besi katika muziki ambao kule Unguja ulikuwa umeegemea fidla, kanuni na besi kubwa ya kusimamisha. Tangu hapo taarabu ya Tanga imekuwa ya kuchezeka, na kinachoichezesha kwa sehemu kubwa ni besi ikishikana na ngoma. Mpigaji wa sasa anaweza kuitwa harusini Pangani kupiga taarabu na mduara, wiki inayofuata akaitwa na kwaya, kisha akaingia baa ambako wateja hawaondoki mpaka wasikie sebene. Ni kweli kwamba vikundi kadhaa vya taarabu ya kisasa hupiga besi kwa kinanda, lakini mpiga kinanda mwenye mikono miwili na kazi tatu hufurahi sana anapompata mpiga besi wa kweli.

Besi nyingi utakazokutana nazo, ziwe zimeandikwa Yamaha, Ibanez, Squier au jina usilolijua, zimetokana na michoro miwili ya Leo Fender wa Marekani. Wa kwanza ni Precision, uliotoka mwaka 1951, na wa pili ni Jazz Bass, uliotoka mwaka 1960. Precision tunayoijua leo ina pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, moja iliyokatwa vipande viwili, ambayo tangu mwaka 1957 imepangwa hivyo ili mngurumo wa umeme ujifute wenyewe. Sauti yake ni nene na iko katikati, nayo hukaa vizuri chini ya magitaa mawili au matatu. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi, karibu milimita 38 pale inapokutana na kichwa, kwa hiyo humfaa mwenye kiganja kidogo. Sauti yake ina makali yanayosaidia pale besi inapotakiwa kuzungumza na solo. Tahadhari ni moja: katika Jazz nyingi, ukipunguza pikapu moja na kuacha nyingine, mngurumo wa umeme hujitokeza, na kwa hali ya nyaya za kumbi zetu utausikia mara moja. Kwa anayeanza hapa, mimi ningependekeza Precision au inayofanana nayo, kwa sababu ina vitu vichache vya kuharibika na fundi yeyote wa redio anaweza kuifungua na kuielewa.

Besi ya nyuzi tano ina uzi wa ziada wa chini unaofika karibu na mitetemo 31 kwa sekunde, wakati uzi mnene wa besi ya nyuzi nne uko kwenye 41. Vijana wa muziki wa injili huipenda sana. Sina ugomvi nayo, ila spika nyingi tunazokodishiwa hazifiki huko chini, na unalipia uzi ambao ukumbini hautasikika. Besi zenye betri ya volti 9 ndani nazo ni nzuri, mradi ukumbuke kwamba kebo ikiachwa kwenye jeki, yaani tundu lake kwenye besi, betri huendelea kuliwa hata kama hupigi, na kwamba betri hiyo huwa na tabia ya kuisha katikati ya wimbo wa bibi harusi.

Ukipata besi iliyotumika, usidanganywe na rangi wala na jina lililo kichwani, maana majina hubandikwa. Ishike kama bunduki, jicho likiwa upande wa kichwa, na uangalie shingo hadi mwisho kama imepinda au imejipotoa kama msokoto. Kisha kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo) kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uukandamize pale shingo inapoungana na kiwiliwili; tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Panapaswa kubaki upenyo wa unene wa kadi nyembamba. Uzi ukigusa kabisa, shingo imerudi nyuma. Sarafu ikipita bila kugusa, imeinama mbele. Kasoro zote mbili kwa kawaida hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, kwa kuizungusha robo mzunguko tu kwa wakati mmoja na kusubiri, lakini shingo iliyojipotoa iache kwa mwenyewe. Baada ya hapo gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikie mlio mwembamba, kisha ukandamize hapo hapo na ulinganishe. Mlio wa kukandamiza ukiwa juu kidogo, kile kipande kinachobeba uzi kwenye daraja, yaani chuma kinachoshika nyuzi upande wa kiwiliwili, kinahitaji kurudishwa nyuma; ukiwa chini, kisogezwe mbele. Kama kimeshika kutu hata hakisogei, hiyo ni sababu halali ya kuomba kupunguziwa bei. Mwisho, piga kila freti ya kila uzi, taratibu, hata muuzaji akianza kuangalia saa.

Nimetaja kutu, na hapa Tanga kutu ndiyo adui mkubwa wa mpiga besi kuliko mwizi. Hewa ya bahari ina chumvi, na jasho la mikono linaongeza chumvi nyingine. Besi inayokaa wazi ukutani katika nyumba ya Raskazone itaanza kuota vidoa kwenye daraja na kwenye skrubu za pikapu mapema mno. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba kila unapomaliza kupiga, juu na chini ya kila uzi, kabla hujaagana na watu. Ukisema utafuta nyumbani hutafuta. Ihifadhi ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha la upande wa bahari, na usiiache kwenye gari lililofungwa juani, kwani joto hulegeza gundi na kupinda shingo.

Nyuzi ni gharama inayowashangaza wengi, kwa kuwa seti moja ya besi ni ghali kuliko ya gitaa la solo na mara nyingi huagizwa kutoka Dar es Salaam. Zilizoenea ni za unene wa 45 hadi 105, yaani sehemu za elfu za inchi. Zile za kawaida zimezungushiwa waya wa duara, na mifereji yake hujaa uchafu na jasho mpaka sauti inakufa. Wapigaji wengi huzivua, wakazichemsha kwa dakika kumi hivi na kuzikausha kabisa, na sauti hurudi kwa muda. Njia hiyo inaondoa mafuta na uchafu. Uzi ulioliwa na kutu hauponi kwa kuchemshwa. Aina nyingine zimezungushiwa utepe bapa, ni laini vidoleni, sauti yake ni ya kufifia na ya mviringo, na hudumu sana. James Jamerson, aliyepiga nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, Marekani, kwa kidole kimoja cha shahada, inasimuliwa kwamba nyuzi zake bapa hakuzibadilisha ila zilipokatika. Kwa taarabu ya zamani ya Tanga sijasikia nyuzi zinazofaa kuliko hizo, ingawa katika sebene utaonekana umelala.

Kazi zikikupeleka Lushoto, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, jua kwamba besi iliyotoka kwenye joto la Ngamiani haitafika ikiwa imetuniwa. Nyuzi za chuma hujikaza kwenye baridi na mlio hupanda, na mbao nazo huitikia hewa mpya. Iache ndani ya mfuko ukumbini kwa muda, kisha uitoe na kuituni karibu na kuanza, na urudie baada ya wimbo wa pili.

Kuhusu amplifaya nitasema machache. Ndogo ya chumbani haitabeba ukumbi, na ukiongeza sauti za chini kwa nguvu utaichana spika. Afadhali kuwa na kebo mbili nzima na kisanduku cha kuunganisha besi moja kwa moja kwenye mixa. Panapotumika jenereta, hakikisha fundi ameweka waya wa ardhi. Mpigaji anayeimba huku ameshika nyuzi za chuma anaweza kupigwa na umeme wa kipaza sauti mdomoni, na hilo si jambo la mzaha.

Sasa turudi kwa besi ya bendi, maana hata ukiwa na yako kuna siku utapewa nyingine. Usibadilishe kimo cha nyuzi juu ya shingo wala kugusa fimbo ya shingo ya chombo cha mwenzako bila ruhusa, hata kama nyuzi ziko juu. Mwenyewe huenda anapiga kwa nguvu na amezipandisha makusudi. Izoee kwa kupiga polepole nyimbo unazozijua, utafute freti zinazokwaruza na uzikwepe usiku huo. Na pale ambapo mwenye bendi anataka utumie besi yako, zungumzeni mapema nani ananunua nyuzi, nani analipa fundi ikianguka jukwaani, na kama inaruhusiwa kupigwa na mwingine wewe ukiwa hupo. Wengi huona aibu kuuliza mambo haya mbele ya mtu mzima anayewapa kazi. Ulizeni kwa adabu, mkiwa mmekaa, kabla ya onyesho la kwanza, na mliyokubaliana yaandikwe japo kwenye karatasi ya daftari na kila mmoja abaki na nakala yake.