Nyumba ya Mkomani, Ghorofa la Mji wa Kale: majibu kwa wasomaji wa Lamu na Mombasa

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Mombasa kwa wingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: mji ukitajirika, wenyewe wanabaki na nini? Nimechagua nne. Kwa anayeisoma safu hii mara ya kwanza, mimi ni mchoraji wa ramani za majengo, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na mama yangu ni mtu wa Lamu. Miji hii miwili siwezi kuizungumzia kama mtu wa mbali.

Shikamoo mama. Tumeachiwa nyumba ya mawe Mkomani, ndugu sita. Wawili tuko hapa Lamu, watatu Mombasa, mmoja Maskati. Dari inavuja na ukuta wa nyuma unamong'onyoka. Dalali ametuletea Mzungu anayetaka kununua, na ndugu zangu wanasema tuuze tugawane. Mimi moyo unasita, ila pesa za kutengeneza sina. Kila siku tunaambiwa tulinde turathi. Turathi hailipi karo. (Kijana wa Mkomani)

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la karo, maana ni kweli tupu. Mji wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sifa hiyo ilileta wageni na kupandisha bei ya nyumba. Mwenye nyumba naye alipata masharti: ukuta usibomoe, mlango usiuze, saruji usitie. Fundi hakupewa, wala chokaa. Kwa hiyo asikulaumu mtu kwa kufikiria kuuza.

Lakini kabla hujatia sahihi, tembea ufuoni hadi Shela. Nyumba za kule zimetengenezwa vizuri mno, kuta nyeupe, milango inang'aa mafuta. Halafu rudi usiku wa mwezi wa tano, mvua za masika zikinyesha, uhesabu ni ngapi zina taa. Nyingi ni za watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Kuta zimepona, majirani wameondoka. Watoto waliokuwa wakitumwa sukari nyumba ya pili sasa wanakaa mbali, kwenye viwanja vya kupanga. Mimi mji wa namna hiyo siuiti uliohifadhiwa, hata kama kila kidaka cha ukutani kiko mahali pake.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Naijua bila kuingia: daka la mlangoni, tekani ya kuingilia, kiwanda (yaani ua) kilicho wazi juu, msana wa kwanza, msana wa pili (vyumba virefu vinavyofuatana), kisha ndani. Vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na boriti haibebi zaidi ya mita mbili na nusu na kidogo. Ukuta ni matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini na kuvitoa kupitia uso wake. Ukiupiga plasta ya saruji, maji yanafungiwa ndani, chumvi inaila chokaa ya katikati, na baada ya misimu kadhaa plasta inaporomoka na nyuma yake unakuta unga. Uliposema ukuta "unamong'onyoka", nilishuku mara moja kuna aliyewahi kuupiga saruji, kwa nia njema kabisa. Chukua patasi, gonga kipande kidogo uone. Ikiwa ndivyo, tafuta fundi mzee wa chokaa. Saruji ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke kiangazi kizima, ndipo upigwe chokaa tabaka nyembamba nyembamba. Dari nayo haihitaji kuvunjwa yote. Hubadilishwa zile boriti zilizooza. Ni gharama, lakini si ile ya kujenga upya, na mnaweza kuanza na chumba kimoja.

Upande wa pesa, dalali hajawaambia jambo moja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na muda wake usizidi miaka 99. Huyo mnunuzi, ikiwa si raia, alipe bei gani, sheria inamtambua kama mpangaji tu. Basi mbona msimkodishe kweli? Miaka kumi au kumi na tano, yeye agharimie matengenezo kwa chokaa na boriti, tini (chini) mbaki nyinyi, yuu (juu) akae yeye, na muda ukiisha nyumba irudi ikiwa nzima. Mkataba uandikwe na wakili wenu. Wa dalali, msikubali.

Kabla ya hayo yote nendeni kwa kadhi mafungu ya mirathi yajulikane. Anayetaka pesa sasa, fungu lake linunuliwe na wenzake kidogo kidogo kutokana na kodi. Na mkishapatana, fikirieni wakf kwa ajili ya kizazi chenu, ili wajukuu wasije wakakalishwa tena kwenye mjadala huu. Ukishawekwa wakf, mlango wa kuuza umefungwa.

Huyo ndugu wa Maskati mpigie wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Mara nyingi aliye mbali ndiye anayeharakisha kuuza, na ndiye anayeumia zaidi akija likizo akakuta kufuli la mtu mwingine.

Bi mchoraji, nijibu bila kuzunguka. Nina nyumba ya marehemu baba karibu na Ndia Kuu, chini duka, juu tunakaa. Nataka kuibomoa nisimamishe ghorofa sita. Nyali na Kizingo watu wanajenga mpaka mawinguni, mimi naambiwa hata roshani nisiiguse. Mombasa ni mji wa biashara tangu mababu. Mbona sisi tufungwe? (Mfanyabiashara, Mji wa Kale)

Ndugu yangu, kuhusu biashara uko sawa, na hiyo roshani ni shahidi wako. Ilitundikwa na mfanyabiashara kama wewe, alipopata faida akataka mtaa uione. Bandari ya Kale iliishi kwa majahazi ya upepo wa kaskazi, tende zikishuka, boriti za Lamu zikipanda kwenda kuezeka nyumba za Ghuba. Shughuli kubwa zilipohamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, Mji wa Kale ulipoteza mizigo lakini haukupoteza watu. Mtu alifanya kazi bandarini mchana na jioni akarudi mtaani kwake Kuze kunywa kahawa. Kwa hilo Mombasa iliizidi Lamu: wenyeji walipata riziki ya mji mpya bila kuuza nyumba za mji wa zamani. Kwa hiyo mimi siwezi kukuambia kwamba ukuaji ni adui.

Ghorofa sita, hata hivyo, nakukatalia, na si kwa ajili ya watalii. Nyumba za mtaa wako zinaegemeana. Ukichimba msingi wa uzito huo, ukuta wa kwanza kupasuka ni wa jirani yako mjane asiye na pesa za wakili. Njia yenyewe watu wawili wakipishana na mkokoteni mmoja husimama. Gari la zimamoto halifiki. Maji taka ya familia ishirini yataelekea wapi, ilhali ya familia tatu yanawashinda sasa? Na upepo wa bahari unaoingia kwa mwenzako utakuwa umeuziba wewe. Nyali kuna barabara na nafasi kati ya jengo na jengo. Huwezi kuchukua urefu wa Nyali ukaacha viwanja vyake.

Lakini aliyekuambia usiguse kitu naye amekukosea. Uhifadhi hauzuii choo kizuri, waya mpya za umeme, ngazi salama, wala duka kufunguliwa kwa nyuma. Uso wa nyumba na urefu wake ndivyo vyenye masharti makali. Ndani kuna nafasi kubwa ya kupanga upya, na nimeona nyumba ya familia moja ikigawanywa ikatoa makazi matatu ya kukodisha, roshani ikabaki ilivyo. Nenda ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Mji wa Kale, uende na mchoro mkononi. Anayekwenda na malalamiko matupu hurudi na malalamiko matupu.

Na kwenye jambo moja niko upande wako bila masharti. Serikali ikikuzuia kujenga kwa faida ya mji mzima, basi mji mzima uchangie. Kaunti ingeweza kumpunguzia mwenye nyumba ya kihistoria kodi yake ya ardhi kila mwaka anaoitunza. Wageni wanatoka Fort Jesus na kuteremka Ndia Kuu kwa miguu kutazama roshani zenu, wanapiga picha, wanakwenda kulala hoteli za ufuoni. Pesa inabaki kule na gharama inabaki kwenu. Mkiungana mkalidai hilo kwa barua moja yenye sahihi za mtaa mzima, mimi yangu itakuwamo.

Mwaka 2018 majengo ya katikati ya Mombasa yaliagizwa yapakwe nyeupe na buluu. Je, huo ndio utambulisho wa mji? (Mwalimu, Mtwapa)

Mwalimu, mji ulionekana safi, nami nilifurahi kuuona hivyo. Ila rangi haiwezi kubeba mzigo huo. Sikiliza wanafunzi wako wakati wa mapumziko: ni wangapi bado wanasema Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha nyanya zao bila kuona haya? Ukipata dakika kumi za kuwasomesha shairi la Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa karne ya 19, utakuwa umeupaka mji rangi isiyobanduliwa na mvua.

Mama, mume wangu ni mvuvi. Tangu bandari ya Kililana ianze inambidi aende mbali, na mashua yake haiwezi bahari kuu. Mwanangu amemaliza kidato cha nne anataka kusomea kazi za bandari. Babake hataki kusikia, anasema bandari ndiyo iliyotutia njaa. Nimsikilize nani? (Mama wa Lamu)

Dada yangu, barua yako nimeisoma usiku na sikuweza kuijibu siku ile. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana inauma.

Mumeo hajasema uongo. Mradi wa bandari hiyo ulizinduliwa Machi 2012, marais Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini wakiwapo pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi. Mpango ulikuwa gati 32. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Kati ya miaka hiyo, mkondo wa meli ulichimbwa, na sehemu walizozizoea wavuvi wa mashua ndogo zikafungwa au zikachafuka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mahakama haikuishia kwenye hesabu ya samaki waliopotea. Ilisema pia kuwa haki ya watu wa Lamu ya utamaduni wao ilivunjwa, maana uvuvi wao ni maisha waliyorithi. Mwambie mumeo hivyo, ikiwa hakuna aliyemwambia. Uchungu wake una hukumu ya mahakama nyuma yake.

Sasa mwanao. Mimi nasema aende, na sababu yangu naitoa Mombasa. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yapakiwe kwenye reli ya SGR hadi Nairobi. Ghafla madereva wa malori, mafundi, wenye mabohari, mama ntilie wa Changamwe na Miritini, wengi walikosa kazi. Watu waliandamana. Amri iliondolewa Septemba 2022, serikali ilipobadilika. Niliona kwa macho yangu vibanda vya chakula vikifungwa kimoja baada ya kingine kwenye barabara ambayo zamani malori hayakuwa yakikatika. Mji uliolishwa na bandari zaidi ya miaka mia moja ulikuta maamuzi yake yanafanywa Nairobi. Lamu msifike hapo. Ikiwa watoto wa Amu, yaani Lamu, hawatakuwa kwenye winchi, kwenye ofisi za forodha, kwenye chumba cha kuongozea meli, bandari itakuwa mlangoni mwenu na ninyi mtabaki mkiitazama.

Chuo cha Bandari kiko Mombasa. Aulize masomo ya ufundi wa injini na umeme wa meli kabla ya yale ya karani, kwa sababu fundi wa injini akikosa ajira gatini atatengeneza mashua za Lamu nzima. Akija Mombasa na hana pa kufikia, andika tena kwenye anwani ya gazeti hili.

Lakini kwenda kwake kusiwe ni kumshinda babake. Mzee ajue kuwa kazi yake haijafutwa. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa kwenu, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliofika pale na kusema walikuwa watu kama yeye. Vikao bado vipo, na mvuvi anayejua jina la kila mwamba kati ya Manda na Kiwayu ana la kusema ambalo mhandisi hana.

La haraka: nendeni BMU yenu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo), wewe na mumeo, wiki hii. Hakikisheni jina lake limeandikwa sawasawa kama lilivyo kwenye kitambulisho, na muulize liko kwenye orodha gani ya fidia. Nimeambiwa na zaidi ya mvuvi mmoja kwamba alikwama kwa sababu ya herufi moja tu.