Muuguzi wa dharura na leseni ya kwenye simu

SWALI: Naratibu ajira katika kliniki inayofanya kazi usiku na mchana. Tuna zamu tatu za saa nane, muuguzi mmoja kila zamu, na wauguzi wanne kwa jumla. Bado kila mwezi ratiba inavurugika. Kuna wakala anayeahidi kunipatia muuguzi wa muda ndani ya saa moja, na tayari amenitumia picha ya leseni ya muuguzi huyo. Akianza leo usiku huku nikifuatilia karatasi, kuna ubaya?

JIBU: Upo. Hesabu kwanza, maana haina mjadala. Wiki ina saa 168; wauguzi wanne wa saa 40 wanafikisha 160, hata pasipo mgonjwa wala mwenye likizo kati yao. Ukitoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, mtu mmoja hubaki na kama saa 1,760 kwa mwaka, na nafasi ya muuguzi mmoja usiku na mchana inadai saa 8,760. Unahitaji watu watano. Wauguzi wako si wazembe. Pengo lilikuwemo kwenye ratiba tangu ulipoipanga.

Sasa hiyo picha. Waratibu wengi wanaoniuliza huamini wameikagua leseni kwa sababu tu wameiona! Cheti cha chuo hakina mwisho, leseni inao. Na tangu ilipotolewa, mwenye nayo anaweza kuwa amesimamishwa, au amewekewa sharti la kufanya kazi chini ya msimamizi, na hapo zamu yako ya usiku ya mtu mmoja haimfai kabisa. Karatasi haitakwambia hayo. Yameandikwa kwenye daftari la baraza lililomsajili.

Basi lifungue mwenyewe, bila kupitia kiungo alichokutumia wakala. Linganisha jina, namba ya usajili, kada, tarehe ya mwisho na masharti, kisha kitambulisho chenye picha na mtu aliyesimama mbele yako. Kwenye kada tulia: muuguzi msaidizi huletwa kama muuguzi kamili mara nyingi kuliko unavyodhani. Kuhusu mwajiri wa zamani, piga simu ya ofisi uliyoitafuta wewe. Namba aliyoandika mwombaji inaweza kuwa ya shemeji yake.

Aliyesomea nchi nyingine, ulizia hadi chuoni. Zholia Alemi alifanya kazi Uingereza kama daktari wa magonjwa ya akili kwa takriban miaka 20 akiwa na shahada ya kughushi ya Chuo Kikuu cha Auckland. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Baraza la madaktari la huko lilimsajili bila kuzichunguza karatasi zake ipasavyo, na waajiri wakaliegemea baraza.

“Aanze huku nikifuatilia” ndiyo njia ya mkato ninayoichukia kuliko zote. Dawa atakayochoma usiku huo haisubiri majibu yako, na kampuni ya bima ikikuta hukumthibitisha ina sababu ya kukataa kulipa. Ajiri wa tano, na uwe na orodha ya wauguzi wa akiba waliokwisha kuthibitishwa wakati hakuna dharura. Wakala akikwepa kutoa namba ya usajili, au akianza na “mwamini tu, ametoka hospitali kubwa”, mkatie simu. Ukikuta leseni imeghushiwa, ripoti barazani siku hiyohiyo, maana usiku uleule mtu huyo atapelekwa kliniki nyingine.