Tairodi iliyogoma: unaipiga wapi?

Kwa sisi wa Bububu, Unguja, kutu si habari. Mabati, bawaba za milango, mgongo wa friji, vyote huliwa na upepo wa chumvi. Lakini kutu iliyojificha kwenye nyuzi za tairodi, ule mkono wa chuma unaosukuma tairi ya mbele ukikata usukani, ni ya aina nyengine kabisa. Hii Probox yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa akiishusha mpaka ufukweni kupakia samaki, tairi za mbele majini. Ukilala chini yake na tochi utadhani imeopolewa.

Mwezi uliopita ilianza kugonga kila nikipita kwenye mashimo. Nikainua tairi ya mbele ya kulia, nikaishika mkono mmoja upande huu, mmoja upande ule, nikaitikisa. Ilicheza. Mtoto wangu alipoweka kidole kwenye tairodi endi, kile kiungo cha mwisho wa tairodi, akasema, "Baba, inaruka hapa." Basi, imekwisha. (Ikicheza juu na chini, tafuta kwengine: bolijointi ya chini au beringi.) Kuipata mpya mjini si kazi. Kazi ni kuitoa ya zamani.

Na hapa naomba nikiri. Miaka mitatu nyuma, kwenye Vitz niliyokuwa nayo, nilifungua nati yote, nikashika nyundo na kuitwanga ncha ya msumari wa tairodi, ile yenye nyuzi. Nilipiga mpaka nikatoka jasho. Msumari haukutoka. Ncha ikatanuka kama uyoga, ikawa haipiti jichoni, yaani kwenye tundu la mkono wa habu inayobeba tairi, wala nati hairudi. Gari ikakaa uani siku nne. Mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi ya mashine za boti maisha yake yote, alipita akitokea msikitini, akaniangalia kwa muda.

"Mwanangu, unaupiga msumari una kosa gani?"

"Si ndio uliogoma, ami?"

"Aliyeushika ni nani? Mpige huyo."

Maana yake ni hii. Msumari wa tairodi haukunyooka. Umechongwa mfano wa kigingi, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na jicho la mkono wa habu limetobolewa kwa umbo hilo hilo. Ukikaza nati, kigingi kinajivuta ndani na kubanwa pande zote. Kwa hiyo hata nati ukiitoa, msumari unabaki pale pale. Kinachoufungua ni kulistua jicho. Piga ubavuni mwa jicho lenyewe, pale chuma kilipo kinene, kwa nyundo nzito, mapigo machache makali. Jicho linapinda kwa nukta moja, linapoteza mkamato, na msumari unaruka wenyewe. Ukiweza, shikiza nyundo ya pili upande wa pili wa jicho ili nguvu isipotee. Nati usiitoe kabisa: iache imekamata nyuzi chache, itailinda ncha na itaizuia isikurukie. Kama una pula, kile kifaa cha kung'olea, ikaze kwanza ivute, halafu ndipo upige. Ule uma wa kugongea nao unafanya kazi, ila unachana mpira wa vumbi, kwa hiyo ni wa endi unayoitupa tu.

Lakini hayo yote ni ya mchana. Kazi inaanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Sugua nyuzi zote kwa brashi ya waya kwanza, kwa sababu mafuta hayapenyi kwenye matope yaliyoganda, kisha tia mafuta ya kulegeza kutu. Mimi huchanganya mafuta ya gia ya otomatiki na asitoni, nusu kwa nusu, nikatikisa na kupaka. Asitoni inashika moto haraka, usiipake huku umewasha sigara. Paka magharibi, paka tena kabla ya kulala. Mafundi wengi wanaosema "hii haifunguki" wameipa dakika kumi.

Asubuhi, jeki. Uani kwetu ni mchanga, na jeki juu ya mchanga huzama polepole bila ya kukuaga. Weka ubao mpana chini yake, weka stendi, na tairi uliyoitoa isukume chini ya ubavu wa gari. Matofali usiyaamini hata kidogo, hupasuka ghafla.

Sasa ile nati ya kufungia, inayobana endi kwenye rakiendi, yaani ule mkono unaotoka kwenye raki ya usukani. Hii ndiyo inayovunja watu mikono, na kosa ni moja: wanaichomoa endi kwanza, kisha wanahangaika na kitu kinachoning'inia. Ilegeze wakati endi bado imefungwa kwenye mkono wa habu, maana mkono ndio unaokushikia. Robo duara inatosha. Tumia spana ya saizi yake hasa, si ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi wameipa jina nisiloliandika hapa, mama yangu husoma. Ile ndiyo inayoviringa kona za nati. Kabla hujavisha bomba kwenye spana, ziangalie nyuzi zinakwenda upande gani. Gari nyingi za siku hizi zina nyuzi za kawaida pande zote mbili, lakini pikapu za zamani zenye bomba la kurekebishia huwa na ncha moja inayofunguka kinyume, na ukikosea unakaza badala ya kufungua.

Weka alama kwa rangi pale nati ilipokaa, na uhesabu mizunguko ukiitoa endi. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu, ruhusa niliomba baadaye. Kwenye Vitz sikuhesabu, nikaendesha mpaka Amani usukani umekaa upande kama kofia ya mlevi. Hata ukihesabu bado unahitaji alaimenti, yaani kupimiwa na kunyooshewa tairi, ila angalau utafika huko salama.

Ikitokea nati ya msumari inazunguka na msumari wake, usiikimbilie kwa msumeno. Kigingi kimelegea tu. Kikandamize kichwa cha endi kuelekea jichoni, kwa jeki ikiwa kimekaa chini, kwa nondo ikiwa kimekaa juu, kitabana na nati itafunguka.

Moto? Jirani yangu wa kuchomelea alikuja na mtungi wake, nikamshukuru nikamrudisha. Moto unayeyusha mpira wa raki na kuudhoofisha uzi wa rakiendi, ambayo unabaki nayo. Kama hakuna njia nyengine, pasha endi ya kutupa peke yake, na ujue kwamba grisi iliyofungiwa ndani inaweza kulipuka.

Ukirudisha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za rakiendi. Kwenye kigingi usipake kitu, kifute kiwe kikavu. Tundu la splitpini, ile pini inayozuia nati isilegee, lisipolingana na mfereji wa nati, kaza mbele kidogo, usilegeze kurudi nyuma. Splitpini iwe mpya.

Upande wa kulia ulinichukua saa moja na nusu, na chai katikati. Wa kushoto nimeupaka mafuta sasa hivi, na naona matope yake ni mazito zaidi. Alaimenti nitalipia mara moja, pande zote zikishakamilika.